Kichaka cha majani ya majivu: kilikufa kwenye samadi, kikastawi kwenye kifusi (Nzuguni, Dodoma)

Mwalimu wa Nzuguni

Mbukwenyi wakuu.

Uzi huu utakuwa mrefu kidogo, naomba mnivumilie. Kuna kichaka kimoja cha maua ambacho nimeishi nacho mwaka wa nne sasa hapa Nzuguni. Miche miwili ya kwanza niliiua mwenyewe kwa kuihudumia kupita kiasi. Wa tatu uko hai hadi leo, na sababu ya kuwa hai ndiyo iliyonifanya nikae niandike.

Ni kile kichaka cha majani madogo ya kijivu yanayong'aa kama fedha, na maua ya zambarau inayoelekea waridi. Mimi niliuziwa kitaluni kama lavenda. Siyo lavenda. Wamarekani huiita seji ya Texas, na watu wa Meksiko huiita cenizo, neno la Kihispania linalotokana na majivu. Jina lake la kitaalamu ni Leucophyllum frutescens. Hilo la kwanza ni Kigiriki, maana yake jani jeupe. Nyumbani tunaiita ua la majivu, na humu nitaiita hivyo.

Aliyeniuzia aliniambia nichimbe shimo, nijaze samadi nusu kwa nusu na udongo, kisha nimwagilie asubuhi na jioni. Nikafanya hivyo hivyo. Wiki tatu za mwanzo miche ilirefuka haraka, nikafurahi. Kumbe ule urefu ulikuwa wa vijiti laini vyenye majani yaliyoachana, tena yanaelekea kijani badala ya kijivu. Mwezi wa pili mvua zikakolea, na mimi bado namwaga ndoo yangu. Majani yakaanza kulegea kama mmea uliokosa maji. Nikaongeza maji. Mmoja ukafa ndani ya siku kumi na wa pili ukafuata. Nilipong'oa, ngozi ya mizizi ilibaki mkononi kama ganda la kunde zilizochemshwa, na ndani kulikuwa na rangi ya kahawia inayonuka tope.

Mche wa tatu ulikuwa dhaifu, sikuutengea shimo. Fundi alikuwa ameacha kifusi nyuma ya nyumba: kokoto, vipande vya tofali, mabonge ya zege, mchanga uliobaki. Nikausimika pale juu ya lundo ili usiendelee kukauka kwenye kiriba, nikasema nitaupatia nafasi baadaye. Nikamwagia maji siku hiyo, na mara chache chache baada ya hapo nilipokumbuka. Leo unanifika begani. Haujawahi kuonja samadi wala mbolea ya dukani.

Mimi nafundisha baiolojia, na jambo hili lilinisumbua kwa sababu kila mwaka nasimama mbele ya wanafunzi kueleza makazi ya viumbe. Kumbe kwenye uwanja wangu sikuwahi kuuliza huyu mgeni kwao ni wapi.

Kwao ni kusini na magharibi mwa Texas, kando ya mto Rio Grande, ukivuka mpaka unaingia kaskazini mwa Meksiko: Coahuila, Nuevo León, Tamaulipas. Huko unaota wenyewe kwenye miteremko ya mawe ya chokaa, kingo za makorongo na ardhi ya changarawe ambayo maji yakinyesha yanapita, hayakai. Majirani zake ni miti ya miiba ya jamaa ya migunga yetu, na dungusi kakati. Ukionyeshwa picha ya vichaka vile bila kuambiwa ni wapi, unaweza kudhani mtu kasimama kati ya Bahi na Manyoni mwezi wa kumi.

Mvua pia hazipishani sana kwa kiasi. Laredo, mji wa mpakani kwenye mto huo, hupata karibu milimita 500 kwa mwaka. Sisi Dodoma tuko kati ya 500 na 600. Tofauti kubwa ni mpangilio. Mvua yetu ni kifuku kimoja, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, inaisha Aprili, halafu ni ukame mtupu. Kwao hunyesha kidogo kidogo, huzidi mwezi wa tano na wa sita na tena mwezi wa tisa. Kwao pia kuna majira ya baridi yenye barafu, na mmea unaivumilia. Huku mmea haujui kabisa hiyo habari.

Sasa rudi kwenye kifusi changu. Maji yanapita kati ya kokoto bila kusimama. Saruji ndani yake ina chokaa. Hakuna rutuba ya maana. Bila kujua, nilikuwa nimeujengea kilima kidogo cha kwao.

Na majani. Chukua jani moja, lisugue taratibu kwa ukucha. Ule ujivu unatoka kama vumbi la chaki, na chini yake unakuta kijani cha kawaida. Zile ni nywele. Kwa lenzi ya maabara utaona kila unywele umegawanyika kama nyota, na zimepandana hadi ngozi ya jani haionekani. Kazi yake ni kurudisha mwanga wa jua, na kutuliza hewa iliyo karibu na jani ili upepo usikombe unyevu wote. Anayejua upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane na wa tisa, ule unaojaza mchanga hadi kwenye sufuria, ataona thamani ya koti hilo. Ndiyo maana ile miche yangu iliyoshiba samadi na maji ilikuwa ya kijani: ilitoa majani mapana yasiyo na koti la kutosha.

Picha nitaweka kesho kukiwa na mwanga mzuri. Karibuni.

---

Mama Zabibu

Mwalimu, asante kwa somo. Mimi niko Mpunguzi, nina ekari ya zabibu, na kwenye kichwa cha kila mstari nilipanda mmea huo huo nipate uzuri. Nilinunua kumi. Imebaki miwili. Iliyobaki ni ile ya juu, ya huku chini yote imekwenda. Nilidhani ni mchwa.

Zabibu nazo hazipendi maji yanayosimama, sasa mbona mizabibu yangu ya huku chini ipo?

---

Mwalimu wa Nzuguni

Mama, shikamoo. Mzabibu unapenda udongo unaopitisha maji, lakini bado ni mmea wa kulishwa. Unaupa samadi, unaumwagilia wakati wake, unaukata, nao unakurudishia matunda. Ua la majivu halikuzoea kulishwa. Mahali pale pale ambapo mzabibu unasema pamenitosha, lenyewe linazama.

Mchwa sikatai, Mpunguzi wapo. Ila naomba ung'oe mmoja uliokufa uangalie mizizi. Mchwa wanakula, wanaacha vumbi na njia za udongo. Mzizi uliooza unavuka ngozi na kunuka.

---

Kokoto na Nondo

Nakazia hapo kwa mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi, sijui maua, lakini kifusi nakijua. Watu wa Ilazo na Kisasa wanatulipa tukibebe tukakimwage mbali, halafu wanalipa tena lori la udongo mweusi wa mbuga wapande maua. Ule udongo ukilowa unanata kama ugali, ukikauka unapasuka mpaka mguu unaingia. Mmea wa mawe utapona vipi pale?

Swali langu: kwa hiyo nikikutana na mteja anaupenda mmea huu, nimwachie lundo la kifusi hivi hivi?

---

Mwalimu wa Nzuguni

Fundi, siyo hivi hivi. Toa kwanza misumari, vioo, mifuko ya saruji na mabaki ya rangi. Kinachobaki kichanganye na mchanga mwekundu wa hapo hapo kiwanjani, upate tuta lenye urefu wa goti hivi. Mmea ukae juu ya tuta, shingo yake, pale shina linapokutana na mizizi, isifukiwe. Miezi mitatu ya kwanza mwagilia mara moja kwa wiki, maji yazame, kisha acha pakauke kabla ya kurudia. Baada ya hapo, kifuku kinautosha. Kiangazi kikiwa kirefu mno utapukutisha baadhi ya majani, usishtuke. Mimi huupa ndoo moja mwezi wa tisa na moja mwezi wa kumi, basi.

Udongo wa mbuga uachie mpunga.

---

Binti wa Kondoa

Mkuu, samahani, nataka kurekebisha kitu. Hiyo siyo seji halisi. Seji halisi ni Salvia, na ina ndugu zake hapa hapa kwetu. Huo wako ni ukoo mwingine kabisa.

---

Mwalimu wa Nzuguni

Dada, uko sahihi na nilipaswa kusema mapema. Seji halisi ziko karibu aina 1,000 duniani, na ni ukoo mmoja na mnanaa, mrehani na kivumbasi. Ua la majivu limepewa jina la seji kwa sababu ya ile rangi ya majani tu.

Njia rahisi ya kutofautisha bila kitabu: shika shina changa katikati ya kidole gumba na cha shahada, lizungushe. La seji halisi lina pembe nne, unazihisi moja moja, kama la mrehani. La ua la majivu ni la duara. Kisha fikicha jani. Seji nyingi zinakupa harufu ya jikoni papo hapo, hili lina harufu hafifu sana.

Kuhusu ndugu za hapa, nyanda za juu zenye ubaridi Tanzania kuna Salvia nilotica na Salvia merjamie, zote za asili ya Afrika. Huku kwetu chini kwenye joto, ukoo ule unawakilishwa na kivumbasi, na ule mmea wa pembezoni mwa mashamba wenye maboli ya miiba yaliyopangana kwenye shina refu, maua ya rangi ya chungwa yamechomoza kuzunguka boli. Leonotis. Simama karibu nao asubuhi, huchukui muda utamwona ndege chozi ananing'inia anafyonza. Watoto wa shule wanaujua, watu wazima tunaufyeka.

---

Mrina wa Itigi

Habari zenu. Mimi ni mfuga nyuki, mizinga yangu iko Itigi. Mwalimu, nyuki wanauchukuliaje?

Na la pili ni neno langu, msinichukulie vibaya. Tunahangaika na kichaka cha Texas wakati tuna kichaka chetu ambacho hakuna anayekiandikia uzi. Kichaka cha Itigi ni kitu cha pekee. Kinasimama mita tatu hadi tano, kimefungamana, mtu mzima anapenya kwa kuinama. Kiangazi kinapukutisha chote, kinabaki vijiti vya kijivu maili kwa maili, unaweza kuapa kimekufa. Mvua ya kwanza ikigusa, ndani ya siku chache kimefumba kijani huoni hatua tano mbele. Wazee wa misafara walipaita Mgunda Mkali, maana ukitoka Ugogo kwenda Unyanyembe, upande wa Tabora, ulikuwa unapita siku kadhaa bila maji wala kijiji.

Kwa sisi warina pale ni ghala. Mimea ya pale inapokezana kuchanua, mmoja ukimaliza mwingine umeanza. Lakini moto ukiingia mara mbili mara tatu mfululizo, hakirudi vile. Zinaota nyasi, nyasi zinaita moto mwingine. Na mkaa ndio usiseme.

---

Mwalimu wa Nzuguni

Mrina, sikuchukulii vibaya hata kidogo. Uliyoandika ningependa uyafungulie uzi wake, mimi nitakuwa wa kwanza kuchangia.

Nyuki wanakuja. Ua lina umbo la kengele, urefu wa kama inchi moja, midomo mitano, na kooni kuna vidoa vya rangi iliyokoza zaidi na nywele laini. Nyuki anaingia mwili mzima, anatoka mgongo umepauka kwa chavua. Ila uchanuaji ni wa wiki moja au mbili, kisha kimya mpaka unyevu mwingine. Usiupande kwa ajili ya asali. Kwa asali, chako cha Itigi hakina mpinzani.

Kwao kuna kiumbe anayeutegemea kweli. Kuna kipepeo, Chlosyne theona, ambaye viwavi wake hula majani ya mmea huu. Kwetu kipepeo huyo hayupo. Majani ya kichaka changu hayana hata tundu moja la kiwavi. Zamani ningekuambia hiyo ni sifa. Siku hizi nikiyatazama nawaza kwamba mmea ule unaishi peke yake, hakuna anayeulea wala kuula, na kwamba kila mita niliyoupatia nimeinyima mmea ambao kuna mdudu wa hapa anausubiri. Kwa hiyo uwanja mzima ninao mmoja, na vilivyobaki nimeanza kupanda vya kwetu.

---

Jirani wa Makulu

Naomba kuuliza kuhusu kusambaa. Mimi nimeishi Baringo, Kenya. Nimeona miti ya mathenge ilivyofanya. Ililetwa kwa nia njema, ishike ardhi, itoe kuni, leo imekula malisho na miiba yake inatoboa mpaka matairi. Na mathenge si ni ya huko huko Amerika kwenye ukame? Tunaleta tena balaa lile lile?

---

Mwalimu wa Nzuguni

Swali zito, na kila anayepanda kitu kigeni alipaswa kuliuliza kabla ya kununua.

Mathenge ni Prosopis juliflora, na ndugu yake wa karibu kabisa, Prosopis glandulosa, anaota bega kwa bega na ua la majivu huko Texas. Kwa hiyo hofu yako ina msingi, wametoka mtaa mmoja. Lakini wanazaliana kwa njia tofauti. Mathenge inatoa maganda matamu, mbuzi na ng'ombe wanakula, mbegu zinapita tumboni salama na kutua kwenye kinyesi zikiwa na mbolea yake. Inakwenda kokote mifugo inakokwenda. Ua la majivu linatoa vidonge vidogo vikavu vyenye mbegu ndogo, hakuna mnyama anayevifuata. Mbuzi wa jirani walionja tawi moja la kwangu wakaliacha, ingawa sisemi hawataligusa mwezi wa kumi njaa ikiwabana.

Miaka minne sijaona mche hata mmoja umeota wenyewe kuzunguka kifusi. Naendelea kutazama kila kifuku. Ukianza kuota kwenye korongo, nitakuwa wa kwanza kuja kuandika hapa na kushika jembe.

---

Binti wa Kondoa

Kwa hoja ya Mrina na ya Jirani, niongeze moja kutoka kwetu. Wengine hapa ni wadogo, hawajui. Kondoa ilikuwa imeliwa na mmomonyoko, makorongo ya kumeza nyumba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973. Walichimba makingamaji, wakapanda miti. Lakini kilichobadilisha sura ni 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye maeneo yaliyoharibika. Baba yangu anasema ilikuwa uchungu mkubwa, ng'ombe ndio benki, watu walilia. Halafu vichaka vikaanza kurudi vyenyewe kwenye vilima ambavyo walidhani vimebaki mfupa. Mbegu na mizizi vilikuwepo chini vinasubiri kuachwa.

---

Mpitaji

Eti majani yake ni dawa ya kifua? Nimesikia wanachemsha chai.

---

Mwalimu wa Nzuguni

Huko kaskazini mwa Meksiko wenyeji wanachemsha kwa mafua na kikohozi, ni mila yao na wanajua vipimo vyao. Mimi simshauri mtu yeyote hapa achemshe, hasa mjamzito na mtoto, na hasa mmea ambao nusu yetu tuliuziwa kwa jina lisilo lake. Kifua kikisumbua wiki mbili, nenda zahanati wakupime.

---

Mwalimu wa Nzuguni

Wakuu, narudi. Picha hizo hapo chini. Jana saa tisa alasiri wingu lilipanda kutoka upande wa Kongwa, tukapata mvua ya dakika arobaini, ya kwanza ya msimu huu kwangu. Huko kwao watu huuita kichaka cha barometa, kwa sababu unachanua unyevu ukipanda, na wengine wanaamini unatabiri mvua. Kwa miaka hii minne ya kwangu, unaitikia mvua iliyokwisha kunyesha. Sijawahi kuuona umetangulia. Nitahesabu siku na kuandika hapa.

Ndiyo maana pia ukiupogoa mraba kama ua wa michongoma kila mwezi, huoni maua: unakata vijiti vile vile vilivyokuwa vinasubiri mvua. Punguza mara moja tu, mwezi wa kumi, kwa mkasi, matawi marefu yaliyopotoka, na uache umbo lake.

Na kwa anayeuliza hadhi yake kwao: mwaka 2005 jimbo la Texas liliutangaza kuwa kichaka rasmi cha asili cha jimbo. Wameona haya gani kutukuza kitu cha mawe na ukame? Sisi mbuyu tunautukuza, sawa, lakini vichaka vyetu bado tunaviita pori.

---

Mama Zabibu

Marahaba mwanangu, nilisahau kukuitikia juzi.

Nimeng'oa mitatu. Hakuna mchwa. Mizizi ni myeusi na ngozi inavuka kama ulivyosema. Huku chini ndiko mpira wa matone unakoishia, maji yote ya mstari yanajikusanya pale. Nilikuwa naiweka palipo na maji mengi nikidhani naipendelea.

Ile miwili ya juu niihamishe au niiache?

---

Mwalimu wa Nzuguni

Iache mama, usiiguse. Mmea huu ukishashika hauhamishiki vizuri. Ziba tundu la mpira lililo karibu nao, na kama kuna samadi shingoni isogeze mbali kwa jembe dogo.

Ya kuziba mapengo tutaiotesha kutoka hiyo miwili. Mvua zikizoea kidogo, kata vipande vya urefu wa kiganja kutoka matawi ambayo si laini sana wala hayajakomaa kuwa mti. Toa majani nusu ya chini. Chomeka kwenye viriba vya mchanga wa mtoni uliooshwa, bila samadi hata kijiko, weka kwenye kivuli chepesi. Vingine vitakufa, katika kumi mimi hupata vinne au vitano.

---

Kokoto na Nondo

Mama Zabibu, Jumamosi nabeba kifusi kutoka Kisasa, gari linapita barabara ya Iringa. Nikushushie tripu moja hapo Mpunguzi, nimeshatoa misumari?

---

Mama Zabibu

Shusha baba, upande wa juu karibu na mkungu, huku chini gari litanasa. Mchana utakula hapa, kuna mlenda.

---

Mwalimu wa Nzuguni

Siku ya sita tangu mvua. Matumba ya kwanza yamepasuka upande wa mashariki wa kichaka, nimehesabu kumi na manne. Upande wa magharibi bado.